Viboko wa Tabaka Waliopotea

Tryphosa alikuwa na daftari la miraba ambalo hangemwazima mtu, hata awe mchungaji. Humo alinakili kila kipande cha kodi, yaani maandishi ya kuiagiza kompyuta, alichojifunza, na pembeni akajionya: "Hapa ulikosea mara tatu, mjinga wewe!" Mwaka ule wa 1998, pale dukani kwa Subhash mjini Kisii, ni yeye pekee aliyejua kutengeneza ukurasa wa intaneti. Wengine walipiga taipu na fotokopi. Subhash, kwa upande wake, hakuona tofauti ya kazi hizo.

Alimpa nafasi moja tu: atengeneze ukurasa wa wachongaji wa mawe wa Tabaka. Mnunuzi wa ng'ambo angeufungua Jumamosi asubuhi. Usipompendeza, Tryphosa angerudi kupiga taipu programu za matanga, na mambo ya intaneti yangeishia hapo.

Ijumaa simu iliyoleta intaneti ilikufa tangu asubuhi, ikafufuka saa kumi na moja jioni. Tryphosa akatuma ukurasa na picha zake zote kwenye kompyuta kubwa ya Nairobi, kisha akaufungua. Picha ishirini na nane za viboko, twiga na wanyama wengine wa mawe zikang'aa. Akamshukuru Mungu, lakini alishukuru mapema. Chandni, binti wa Subhash, aliufungua kwenye mashine ya pili akaangua kicheko.

"Dada, viboko wako wapi? Mimi naona masanduku tupu!"

Tryphosa akarudi mbio kwenye kodi yake, na kosa likamtolea macho:

<img src="C:\picha\kiboko.gif">

Alikuwa ameuagiza ukurasa utafute picha ndani ya mashine yake mwenyewe. Kwake zilionekana, kwa mtu mwingine yeyote, hakuna kitu. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaanza kusahihisha, moja baada ya nyingine:

<img src="kiboko.gif">

Alipomaliza ya tisa, jua likazama nyuma ya vilima. Akaondoa mikono.

"Mzee, Sabato imeingia. Siwezi kuendelea."

Alidhani atafokewa. Subhash akatazama dirishani, kisha akatazama picha ya mungu wake ukutani na majivu ya udi chini yake.

"Mimi pia hapana fungua duka kabla ya kuwasha udi," akasema. "Enda kwa Mungu yako. Daftari acha hapa."

Akaliacha, roho ikimuuma. Kesho yake kanisani aliimba nyimbo zote, lakini ukweli usemwe, moyo wake ulikuwa kwa viboko. Alitubu mara mbili, na mara zote mbili akawakumbuka tena.

Jumapili alfajiri aliondoka nyumbani bila hata chai. Akamkuta Subhash ameketi dukani, macho bado mekundu kama pilipili tangu mkesha wa Ijumaa, na mkewe Prabha akimkanda mabega.

"Picha kumi na tisa, kwa daftari yako," Subhash akaguna. "Moja nakosea, yote naharibika. Twiga imetokea mara tatu, mpaka sasa sijui kwa nini."

"Na mnunuzi?"

"Ameandika barua pepe. Ameagiza twiga mia mbili. Anasema vile tumerudia twiga, lazima ni bora kuliko zote."

Tryphosa akacheka mpaka akashika meza. Subhash hakucheka. Alimsogezea kiti chake mwenyewe, kile cha magurudumu, akaenda kuketi kwenye mashine ya taipu.

"Kaa hapo," akasema. "Programu za matanga nitapiga mimi."