Hakukuwa na Njia Nyingine

Watu walimwita Misumari, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa fundi wa makochi, na kama mafundi wa zamani wa kazi hiyo, alijaza kinywani misumari midogo ya vichwa bapa, akawa anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye midomo, mkono unauchukua, nyundo inaupokea. Wenzake walishahamia stepla kitambo. Yeye alisema stepla ni ya watu wenye haraka na makochi yasiyo na maisha. Lakini mkewe alijua matumizi mengine ya misumari ile: mzee asipotaka kusema na mtu, huongeza. Ukimuuliza jambo anakuonyesha kinywa kilichojaa, na mazungumzo yameishia hapo.

Tangu mtoto wao wa kiume afariki, kinywa kile kilikuwa hakiishiwi misumari.

Kijana alikwenda Japani kufanya kazi kiwandani, akaoa huko huko, akapata binti. Siku moja moyo wake ulisimama ghafla akiwa kazini, na hakuamka tena. Habari ililetwa kwa simu na rafiki yake waliyekuwa wakifanya kazi pamoja. Kabla wazazi hawajajua hata waulize nini, kabla hawajauliza mwili utafikaje nyumbani, simu ikaita tena: mke wa marehemu alikuwa ameshauchoma, kama wanavyofanya kwao. Misumari alisimama katikati ya karakana akatamka maneno ambayo mkewe akiyakumbuka mpaka leo anaona haya.

"Mwambie amenichomea mwanangu. Asinijue, na mimi simjui."

Na yule rafiki, Mungu amsamehe, badala ya kuyameza maneno hayo akayatafsiri kama yalivyo.

Mkamwana hakususa. Aliendelea kupiga simu kila mwisho wa juma, na mama mkwe akawa anapokea. Lugha hawakuwa nayo. Walitazamana tu kwenye kioo cha simu, wakatajiana jina la marehemu, mjukuu akaletwa apunge mkono, wakalia kidogo, wakaagana. Mzee akisikia mlio ule alijaza misumari akatoka uani, akasimama huko kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Mambo yakaenda hivyo hadi rafiki yule alipoleta ujumbe. Mkamwana alikuwa anarudi kuishi kwa wazazi wake. Aliomba kitu kimoja tu kabla ya kuhama: baba mkwe aseme naye kwa mdomo wake mwenyewe. Kama bado ana hasira, yeye ataelewa na hatapiga tena, maana amechoka kubisha hodi kwenye nyumba asiyotakiwa.

Mkewe Misumari alimfuata karakanani, akafunga mlango. "Mwanangu nimemkosa na hata kaburi lake sina," alisema. "Huyu mjukuu sikubali nimkose, baba. Ukinyamaza safari hii, tutanyamaziana humu ndani mpaka mmoja wetu afe."

Mzee alijua kwamba mke wake si mtu wa vitisho, na kwa hiyo aliogopa.

Wiki zile alikuwa na viti vya mwanamke mmoja mtu mzima, mwalimu wa Kijapani, aliyekuwa akiwaandaa vijana wanaokwenda kufanya kazi huko. Viti vya darasa lake vilichakaa hadi sponji ikawa inachungulia nje. Misumari alimwambia atavivalisha vyote upya bure, naye amfundishe sentensi moja. Mwalimu akacheka, akasema wanafunzi wake huanza na salamu. Mzee akajibu kwamba salamu hana haja nazo. Anataka neno la kumwambia mtu: lililotokea limetokea, hukuwa na namna, na mimi nimeliacha.

Mwalimu aliacha kucheka. Alimpa maneno haya: shikata ga nakatta. Hakukuwa na njia nyingine. Akamweleza kwamba ni kama sisi tunavyosema "tutafanyaje" huku tumefungua viganja. Wenyewe hulisema mvua ikiwaharibia matembezi, na hulisema msibani pia. Kisha akamwonya.

"Ila mzee wangu, likitoka kwa mtu mwenye kinyongo, mwenzake analisikia kama dharau. Kwanza ujiambie mwenyewe. Ukishakubali, ndiyo umwambie."

Basi mzee akaingia darasani uzeeni. Alijifunza akiwa kazini, misumari kinywani, maneno yakipenya katikati ya meno. Mwalimu alipopita kukagua viti vyake alishangaa: kwa kuogopa kumeza msumari, Misumari alikuwa akisema "shkata", hivyo hivyo wanavyosema Wajapani wenyewe. Vijana wake, alisema, huchukua muhula mzima kufika hapo. Mzee alijidai siku nzima, akamsimulia hadi muuza vitambaa.

Kutamka kukawa si kazi. Kazi ilikuwa kukubali. Kila alipolisema neno, kitu ndani yake kilibisha: ndege si zipo? Majeneza si yapo? Ndipo akaanza kumtetea yule mwanamke, kidogo kidogo, kama mtu anayejaza sponji kwenye kiti kilichobonyea. Mjane, mtoto mdogo mkononi. Huenda serikali yao ilimlazimisha. Huenda ndugu zake walimharakisha, au daktari alimwambia hakuna kungoja. Kiti cha mwisho kilipokamilika, utetezi nao ulikuwa umekamilika, na mzee akaanza kumwonea huruma kabisa. Binti wa watu, mikono imefungwa, halafu akatukanwa.

Siku ya simu mwalimu alikaa pamoja nao sebuleni ili atafsiri. Kioo kikawaka. Misumari alikuwa hajawahi kumtazama mkamwana wake vizuri. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, mwembamba, nywele zimefungwa nyuma. Mzee alisema neno lake, lote, bila kukwama.

Mwanamke aliinamisha kichwa. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na mwalimu hakutafsiri.

"Sema," mzee alimwambia.

"Anakushukuru. Lakini anasema si kweli." Mwalimu alikuwa anatazama zulia. "Njia ilikuwepo. Kiwanda kilikuwa tayari kumsafirisha aje azikwe kwenu. Ilibaki yeye kukubali tu, akakataa. Anasema aliona kwamba ndege ikiondoka na mumewe hatamwona tena, na alishindwa kumwachia. Hawezi kukuacha umsamehe kwa jambo ambalo sivyo lilivyokuwa."

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Misumari alisikia masikio yakimchemka. Hasira yote ilirudi, na safari hii ilikuwa na haki, maana utetezi wake ulikuwa umebomoka wote mbele ya watu. Na lile neno alilolihangaikia lilikuwa la kumsamehe mtu aliyefungwa mikono. Huyu mikono yake ilikuwa huru. Alimgeukia mwalimu kana kwamba angempa jingine.

Kwenye kioo mwanamke alikuwa bado ameinama, anangoja. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alitaka mumewe abaki naye, basi. Na mzee, akiwa na hasira zake, aliona kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kutaka kingine. Mwaka mzima walikuwa wanamgombania mtu mmoja.

"Muulize yuko wapi."

"Nani, mzee?"

"Mwanangu. Amemweka wapi?"

Simu ya upande ule ikanyanyuliwa. Wakaona meza, viatu vya mtoto, kisha rafu fupi kando ya dirisha. Juu yake palikuwa na picha ya kijana wao akicheka, na kisanduku kilichofunikwa kitambaa cheupe.

"Hajampeleka makaburini," mwalimu alisema. "Kila akipanga anashindwa. Anauliza kama unataka amlete kwako, abaki huku. Anasema safari hii atamwachia."

Mkewe alimshika mkono, akaubana. Alikuwa anamwambia akubali, na yeye mwenyewe hakuna alichokitamani kama kukubali. Mzee alitazama picha ile mpaka macho yakamjaa.

"Mwambie waje wote watatu," alisema. "Mama yake amwone. Na siku ya kuondoka, waondoke naye."