Yule Mwanamke wa Leith

Barua pepe ya tatu kutoka hifadhi ya nyaraka ya Edinburgh ilisema yale yale ya zile mbili za kwanza: kesi haikuonekana. Niliisoma ndani ya treni ya Hagsätra, hapa Stockholm, naenda kwa mamangu, na nilipofika kwake nilikuwa nimeshafura.

Nilichokuwa nakitafuta si kikubwa. Babu yangu Yahya, mtu wa Mombasa, alikuwa mchochea makaa melini. Mwaka 1938 alizaa binti na mzungu mmoja wa bandari ya Leith, kule kule Edinburgh, Scotland, na yule mwanamke akampeleka mahakamani kudai matunzo. Hayo bibi aliyarudia mpaka anaingia kaburini. Jina la mtoto hakulisema. Sasa mama ana miaka sabini na saba, nduguze wote wametangulia, na amebakiwa na dada mmoja tu, kama yu hai, ambaye hajui hata amwiteje. Jina limo kwenye karatasi za ile kesi.

Na kwa majina, mama ana donge lake. Yeye ndiye kifungua mimba, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Babu akamwita Mishi. Mama hajamsamehe. Nilipozaliwa mimi akanibandika hilo jina alilonyimwa, ndiyo maana naitwa Mwatumu.

"Wamesemaje?" akaniuliza jikoni.

"Kesi zao zimepangwa kwa jina la mdai. Yaani yule mwanamke. Mimi miezi minne naagiza kwa jina la babu."

Kwetu mtoto hutafutwa kwa babake. Sikufikiria kabisa kwamba huko angetafutwa kwa mamake.

Mama alimimina chai, macho yake hayainuki kwenye birika. Mtindo wake huo naujua.

"Mama. Jina la yule mwanamke unalijua?"

"Nalijua."

Nikikasirika Kiswahili hunikimbia. Nilimwaga Kiswidi chote cha utotoni mtaani Hässelby, kizuri na kibaya, na mama akangoja nimalize huku akikoroga kikombe chake.

"Bibi yako alinikataza," akasema. "Jina la mke mwenza halitajwi ndani ya nyumba. Nilimwapia kwa msahafu."

"Bibi amekufa miaka thelathini sasa."

"Na mimi nimekufa?"

Sikujua nicheke au nilie. Nimejaza fomu tatu. Nimeomba ruhusa kazini nipige simu Edinburgh, nikamweleza mtu baki mambo ya aibu ya ukoo wetu kwa Kiingereza cha kuungaunga. Na jina lenyewe muda wote huo liko hapa, linakunywa chai na mimi kila Jumapili.

"Ndani ya nyumba, umesema."

"Ndani ya nyumba."

"Basi vaa koti."

Akavaa, bila kubisha. Chini mlangoni nikasema haya, sema. Akasema hapa bado ni nyumbani. Uani pia akakataa, eti dirisha lake linaonekana. Tulikwenda tukishikana mikono juu ya barafu ya Februari, mimi nikinung'unika njia nzima, mpaka benchi la mbele ya stesheni. Hapo akageuka nyuma kutazama kama kuna anayemsikia.

"Jessie Rennie," akasema.

Nilijaza fomu pale pale kwenye simu, vidole vimekufa ganzi, kabla hajabadilisha mawazo.

Nakala ya kesi ilikuja kwenye simu baada ya wiki tatu. Nilikaa naye kwenye kochi, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Mdaiwa, baharia, alifika mwenyewe mbele ya hakimu. Aliulizwa kama mtoto ni wake, akakubali. Aliulizwa kama ana lolote la kusema, akasema mtoto ameshampa jina, na anaomba liandikwe.

Mstari uliofuata nikausoma kimoyomoyo kwanza.

"Soma," mama akasema.

"Elspeth Mwatumu."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, na macho akayaacha vile vile yalivyo.

"Kumbe sikunyimwa," akasema. "Lilikuwa na mwenyewe."

Nilimshika bega. Yeye akaisukuma simu mkononi mwangu.

"Waandikie tena. Waulize Mwatumu yuko wapi."