Kidole cha Semboja

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kliniki kwa plasta ya vidonda, maana gundi ilikuwa imekwisha tangu Pasaka. Lilisema: MAMA ALIYEKUJA NA BABA ATAHUDUMIWA KWANZA. Halikusema aliyekuja peke yake atahudumiwa lini, ila Amne alikuwa anajua. Atahudumiwa jua likishafika katikati, miguu imevimba, na benchi limemchora mistari mapajani.

Ilikuwa mara yake ya tatu kuja peke yake. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Mara ya kwanza alipimwa virusi vya UKIMWI, akaambiwa hana, akashangilia kimoyomoyo, kwa sababu Amne hakuwa mtu wa kushangilia kwa sauti. Hata sokoni akiuziwa nyanya zilizooza alishukuru na kuondoka. Lakini Nesi Agripina hakumwacha ashangilie sana.

"Wewe huna, sawa. Na mume wako?"

"Yeye... ana kazi."

"Kazi haizuii virusi, dada. Kama yeye anavyo, anaweza kukuambukiza hata wiki ijayo, na mtoto yumo humo humo tumboni. Mlete."

Semboja, mume wa Amne, alikuwa anafanya kazi shambani Ngombezi, kwenye korona, ile mitambo ya kuchambulia mkonge. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango wa ghala, na nyoka alikuwa anamuua kwa ndala. Lakini alipoambiwa habari ya kupima alikuja na hesabu zake.

"Wewe si umepimwa? Wamekuta huna kitu. Basi na mimi sina. Tunakula sahani moja, tunalala kitanda kimoja. Damu yako ndiyo damu yangu."

Amne alipeleka maneno hayo kwa Nesi Agripina kama alivyotumwa. Nesi alivua miwani. "Kamwambie damu siyo uji, kwamba mnachota kwenye sufuria moja."

Amne hakumwambia. Alijua hesabu zile zilikuwa na kitu chini yake. Kabla yake Semboja alikuwa na mke mwingine, huko Handeni. Yule mke alikonda mwaka mzima, halafu akafariki. Watu walisema ni malaria. Walisema haraka haraka, kisha wakazungumzia mvua.

Sasa siku hiyo Amne alikuwa amekaa mwisho kabisa wa foleni, akihesabu waliomtangulia. Paulina, jirani yake wa kambini Ngombezi, alikuja na mumewe, akaingia, akatoka, akampungia mkono kwa madaha. Ndipo mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa, akatoka babu yake Amne, Mzee Hiza, mikono yote miwili imechorwa miduara ya wino wa zambarau.

Mzee Hiza alikuwa amekuja jana yake kwa basi kutoka Handeni. Kulikuwa na daktari kijana kutoka Dar es Salaam, anaitwa Mikaeli, anafanya utafiti wa namna ngozi inavyozeeka. Alitaka watu waliokata mkonge miaka ishirini na zaidi, aone jua limewafanya nini. Mzee Hiza alikata mkonge miaka thelathini na moja. Alikuja na kofia mpya, kama mtu aliyealikwa harusini.

"Mke wangu!" akaita, sauti ikajaa baraza zima. "Mbona umetupwa huku nyuma kama mjane?"

Wanawake wakageuka. Amne akajifunika uso kwa kanga. Babu alikuwa anamwita mke wake tangu hajaota meno, kama babu wote wanavyowaita wajukuu zao, ila hakuwahi kujifunza kuliita jina hilo kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, babu. Wamemaliza kukupima?"

"Wamemaliza? Wamenivuruga!" Akajibana kwenye benchi katikati ya akina mama. "Yule kijana kaniuliza umri. Nikamwambia sabini na mbili. Kaubana mkono huu na kidude chake, kasema ngozi hii ina miaka tisini. Kaja huku ndani ya kwapa, kasema huku ni hamsini. Nikamwuliza, huyo wa hamsini naruhusiwa kumtafutia mchumba?"

Benchi lilitikisika kwa kicheko.

"Na anasema Ulaya kuna taa. Wanakumulika usoni, makunyanzi yote yanaondoka. Nikamwambia sawa, uso ukishakuwa wa kijana, goti nani atalipelekea taarifa?"

Mama mmoja alicheka mpaka akashika tumbo, wenzake wakamwambia angalia usije ukazalia hapa. Mzee Hiza akasoma tangazo la mlangoni, taratibu, kidole kikifuata herufi. Akaligeukia benchi. Akamtazama Amne.

"Semboja yuko wapi?"

"Kazini."

"Amekataa?"

Amne akaanza kukunja pindo la kanga. Babu alimlea, kwa hiyo hakuhitaji jibu.

"Inuka, twende. Mumeo nipo."

"Babu, hapana! Watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Nimevaa kofia mpya."

Akamvuta hadi mbele, akasimama mbele ya Nesi Agripina kama anayedai haki mahakamani. "Mama amekuja na baba. Tuhudumiwe kwanza."

"Mzee, huyu si mjukuu wako?"

"Ni mke wangu. Kaulize Handeni nzima."

Nesi Agripina alikuwa mtu wa milimani Lushoto, na kwao mababu ni wale wale. Alijaribu kununa akashindwa. "Haya. Lakini hapa mume anatoa damu."

"Chota."

"Wazee nao wanapimwa, nitakupima kweli. Ila jina lako halikai kwenye kadi ya Amne, usijidanganye."

Kazi ikaanza. Kisindano cha kwanza kiligonga kidole cha Mzee Hiza kikarudi bila damu. Cha pili vilevile. "Hii siyo ngozi," alisema Nesi, "hii ni ya kuezekea nyumba." Daktari Mikaeli alisikia akaja mbio na kile kidude chake, akitaka kuandika unene kabla kidole hakijatobolewa. Mara ya nne damu ilitoka, tone moja dogo, na wanawake waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga vigelegele.

Paulina alikuwa bado yupo getini akiyaona yote hayo, mumewe akimsubiri na baiskeli. Akapanda nyuma, wakaondoka. Walipofika Ngombezi hakwenda kwanza nyumbani kupika. Alikwenda korona, akamwita Semboja pembeni, akamwambia, "Kaka, mkeo kafika kliniki na mume. Na huyo mume keshatoa damu kwa ajili yake. Mimi nimeona kwa macho yangu."

Paulina hakusema uongo. Ukweli ulikuwa mrefu, akaupunguza.

Haikupita saa moja Semboja akatokea kliniki kwa baiskeli ya kuazima, nyuzi za mkonge zimemganda nywele zote, jasho limemchora shingo.

"Yuko wapi huyo mwanamume?"

"Nipo hapa," akasema Mzee Hiza, kidole kimefungwa pamba. "Karibu, mume mwenzangu."

Semboja akabaki mdomo wazi. Kisha adabu ikamkumbuka. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umechelewa. Mke nimemwoa mimi, na damu nimetoa mimi."

Wanawake walikuwa hawana mbavu. Semboja naye akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua gunia, na huku anacheka akawa anaigeuza baiskeli taratibu, uso kuelekea barabarani. "Kumbe ni utani! Basi babu, mimi narudi, nyapara atanikata siku yangu."

"Simama hapo hapo." Mzee Hiza alikwenda akakaa mlangoni kwa Nesi, miguu ameinyoosha. "Siku ya harusi nilikaa mlangoni namna hii, ukamkomboa mke kwangu kwa blanketi. Leo blanketi silitaki. Lete kidole."

"Kidole! Kidole!" wakadakia akina mama.

"Babu, wewe kwa umri wako huna cha kuogopa."

"Nani kakudanganya? Nimengoja majibu robo saa, kofia yote imelowa. Mzee naye ana siku zake za nyuma."

Watu walicheka tena, na kicheko kilikuwa kinamsaidia Semboja. Kadiri walivyocheka, ndivyo lilivyozidi kuonekana jambo la mzaha, na mtu huweza kulikimbia jambo la mzaha asiulizwe. Alishaweka mguu mmoja kwenye pedali.

"Semboja."

Kicheko kilikatika. Ilikuwa sauti ya Amne. Tangu waoane hakuwahi kumwita mumewe kwa jina mbele ya watu. Nyumbani alimwita "mwenzangu," na barazani hakumwita kabisa. Alikuwa amesimama, kanga imeshuka mabegani, mikono ameificha nyuma ya mgongo.

"Naogopa kurudi nyumbani," alisema. "Ukiondoka sasa hivi, naondoka na babu kwa basi la saa nane. Nitajifungulia Handeni."



Semboja alimtazama mkewe, akautazama na ule mguu wake kwenye pedali, kama vile si wake. Akaushusha. Akaiegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka, hakuiokota. Babu akakunja miguu awapishe yeye na Amne.

Ndani, Nesi Agripina alijaribu kidole cha shahada, kikagoma. Akajaribu cha kati. "Leo mmekubaliana kunimalizia visindano?" Kidole kidogo kikakubali. Baada ya hapo ilibaki kungoja, na dakika za kungoja hazikuwa na mtu wa kuzichekesha.

"Yule marehemu hakupimwa," Semboja alisema ghafla, akiitazama sakafu. "Daktari alitaka kumpima. Mimi ndiye niliyekataa. Niliona wakimjua yeye, watakuwa wamenijua na mimi."

 Amne aliushika ule mkono mgumu akauweka juu ya tumbo, na mtoto, ambaye hakujua kunaendelea nini, akapiga teke. Semboja akashtuka.

Nesi akarudi na kikaratasi. "Nisome mkeo akiwepo?"

"Soma."

"Huna."

"Sina nini?"

"Huna virusi, kaka! Miezi mitatu ijayo mrudi nyote wawili, turudie."

Semboja akalaza kichwa juu ya meza, kwenye kadi za watu, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Amne hakuweza kujua kama analia au anacheka. Alimtoa uzi mmoja wa mkonge kichwani, kisha mwingine.

"Nesi!" ikaita sauti mlangoni. "Mke wangu amekombolewa au hajakombolewa?"

Nesi akafungua mdomo, lakini Amne alimwahi. "Kapande basi lako, babu! Huku tuna mume!" Alisema kwa sauti iliyofika mpaka getini, akajisikia, akajifunika uso kwa kanga.

Semboja akainua kichwa, macho mekundu. Akanyoosha mkono wa pili. "Nesi, na huu je? Nipime na huu, nipate uhakika."

"Damu ni ile ile, kaka. Tokeni, wenzenu na waume zao wanasubiri."