Arlys Aingiza Trela

Ijumaa alasiri, kwenye hifadhi ya Ziwa Skogen, hakuna anayeangalia ziwa. Ziwa lipo tu, haliendi popote. Watu wanageuza viti vyao vya kukunja kuelekea barabara ya changarawe, wanashika vikombe vya kahawa, na wanasubiri kuona nani atashindwa kuingiza trela lake la kambi, lenye vitanda ndani, kinyumenyume kwenye kiwanja chake. Hawacheki, maana watu wa Dakota Kusini wamelelewa vizuri. Wanakohoa tu na kutazama viatu vyao, halafu miaka sita baadaye wanakukumbusha kisa kizima mbele ya wakwe zako.

Arlys Brekke aliyajua hayo yote, kwa kuwa naye alikuwa amekohoa vya kutosha kwenye viti hivyo. Leo alikuwa nyuma ya usukani wa pikapu, trela likimfuata, na mumewe Delmar amekaa kando yake kwenye kiti ambacho bado hakijamzoea.

"Piga kona pana hapo kwenye jengo la bafu," Delmar alisema.

"Najua, mzee."

"Nasema tu."

"Unasema tu tangu tutoke mjini Watertown. Pumzika kidogo, mdomo nao ni kiungo."

Wakati wa baridi macho ya Delmar yaliharibika katikati. Ukisimama mbele yake haoni uso wako, anaona masikio. Daktari alimwambia aache kuendesha, naye akamkabidhi Arlys funguo, kisha akaenda kukaa gereji mpaka chakula cha jioni. Hakuna mtu hapa ziwani aliyeambiwa. Delmar alikuwa amekataa katakata.

Tena alikuwa ameweka sharti. Wakiingia kiwanjani salama, wataendelea kuja. Wakigusa kitu chochote, mti, nguzo, hata meza, Jumatatu atampigia mpwa wake Curtis aje kulichukua trela. "Sitaki kuja hapa kuonewa huruma," alisema. Curtis alikuwa ameshafika mara mbili kupima vitanda, na alipima kwa furaha ambayo Arlys hakuipenda hata kidogo.

Kiwanja chao kilikuwa kilekile kila mwaka, namba kumi na saba, karibu na maji. Pale watoto wao walijifunza kuogelea, na kesho wajukuu wangekuja na fimbo zao za kuvulia. Arlys alipapenda mahali hapo kupita kiasi na hakuona haya kupapenda. Hakuwa tayari kumwachia Curtis.

Wala hakuwa na wasiwasi. Delmar hakujua kwamba kila Jumanne, Arlys alipokuwa akisema anakwenda kupanga maua kanisani, alikuwa akiliburuta trela la kaka yake kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa lenyewe, mbele na nyuma, mpaka mchungaji akafungua dirisha kuuliza kama kuna tatizo. Na kabla ya kuolewa, kwenye shamba la baba yake, nani alikuwa akirudisha nyuma matrela ya ngano wakati wa mavuno? Si kaka yake, aliyekuwa akibomoa mlango wa ghala kila msimu. Ila tangu aolewe hakuna aliyemuuliza kama anaweza.

Alikipita kiwanja, akasimama. Delmar akashuka. Ndiyo desturi: mmoja anaendesha, mwenzake anasimama nyuma na kupunga mikono. Kwa miaka thelathini aliyepunga mikono alikuwa Arlys.

Jirani yao wa kila mwaka, Verlyn Hofer, aliinuka kwenye kiti chake. "Haa! Leo shemeji ndiye dereva? Subirini niwaite watu!"

"Waite," Arlys alijibu dirishani. "Na mwambie mkeo Darla akate ile keki yake ya kastadi, maana hii kazi haichukui muda."

Viti vitatu vikasogezwa mbele.

Arlys akaanza kurudi polepole. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Delmar amesimama wima, kofia kichwani, mikono juu, akipunga kwa nguvu zote.

"Upande wako!" Delmar alipiga kelele. "Lete upande wako!"

Upande wa dereva kulikuwa na nguzo ya umeme. Delmar alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye nguzo hiyo, akiitazama moja kwa moja, na hakuiona.

Arlys akakanyaga breki. Akimfuata mumewe, nguzo italichana trela na Curtis atakuja Jumatatu. Akimpigia kelele kwamba kuna nguzo, kambi nzima itajua, naye Delmar hatarudi hapa maisha yake yote. Roho ilimuuma kumwona hivyo mtu ambaye zamani alikuwa akiona bata upande wa pili wa ziwa. Kisha akatoa kichwa dirishani, akainua dole gumba juu.

"Sawa, mzee! Upande wangu!"

Akaushika usukani chini kabisa, kama baba yake alivyomfundisha, na kulipeleka trela upande wa pili.

Likaingia. Liliingia taratibu kati ya nguzo na meza, bila kusita, magurudumu yakikanyaga alama zilezile za mwaka jana. Delmar aliendelea kuita, "Njoo, njoo, njoo... simama!" Arlys alikuwa ameshazima injini.

Hapo kwenye viti hakuna aliyekohoa. Verlyn aliinua kikombe. "Si mbaya," alisema, na kwa watu wa huku hakuna sifa inayozidi hiyo. "Delmar, umemwelekeza vizuri."

Delmar alinyoosha mkono kuegemea trela, na kiganja chake kikakutana na chuma baridi cha nguzo. Akaipapasa juu mpaka chini. Arlys alikuwa ameshafika kando yake.

"Hukunisikiliza," Delmar alisema kwa sauti ya chini.

"Sikukusikiliza."

"Hata mara moja."

"Mimi nimesimama hapo ulipo miaka thelathini, Delmar, nikipunga mikono kama mwendawazimu. Uliwahi kunisikiliza?"

Kicheko kikamtoka Delmar, kikubwa, kile ambacho Arlys hakuwa amekisikia tangu majira ya baridi. Akamgeukia jirani yake.

"Verlyn, mimi sikuelekeza kitu. Macho yangu yamekwisha. Hata wewe hapo naona kofia tu. Kaingiza mwenyewe."

Verlyn alitazama viatu vyake. "Kofia inatosha," alisema mwishowe. "Kwa uso wangu hujakosa kitu. Njooni mle keki."

"Na Curtis?" Arlys aliuliza.

"Curtis akanunue trela lake."

Arlys akafungua viti viwili na kuviweka kandokando, vikitazama barabara. Trela jingine lilikuwa linakata kona ya bafu, refu, jipya, na kijana mwenye miwani ya jua kwenye usukani.

Delmar alikaa, akaushika mkono wa mkewe. "Haya, nisimulie."

"Anarudi. Anakuja kasi. Mkewe anampungia, yeye hamwangalii."

"Kuna nguzo?"

"Ipo."

Delmar akakohoa.