Inchi Mbili za Bi Futi

Haba na haba hupasua kibaba. Aliyesema hujaza hakuwahi kumwaga zege nyumbani kwake.

Bi Futi alikuwa fundi cherehani. Jina alipewa kwa sababu ya utepe wa kupimia uliomning'inia shingoni kuanzia asubuhi hadi jioni, hata akienda msibani. Alishonea kwenye chumba cha uani chenye mlango mmoja na sakafu ya udongo, na udongo huo ndio uliomponza. Mwaka uliopita alishona mashati meupe ya shule, na thelathini kati yake yakarudishwa, kola zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Mwaka huu, kabla ya kumpa kazi tena, mwalimu mkuu hakuuma maneno. "Jumamosi nakuja kukagua unaposhonea. Nikikuta vumbi, kazi nampa mwingine."

Sakafu ikawa lazima, na siku zikawa tano.

Fundi wa kwanza alichungulia kutoka mlangoni, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege. "Mifuko minane ya saruji," akasema.

"Hujapima."

"Nimepima kwa macho, mama."

"Kwa macho hata maiti simkatii sanda. Nenda salama."

Wa pili aliitwa Fundi Mwiko, na sifa yake ilikuwa kwamba hafanyi kazi ya kubahatisha. Bi Futi alimkuta juu ya jukwaa la mbao akipiga lipu ghorofa ya mtu. Hakushuka. Aliinama tu na kupaza sauti: "Niandikie vipimo! Urefu, upana, unene! Nitakupigia hesabu usiku, kesho uje dukani kwa muuza saruji!"

Huyo ndiye, Bi Futi akajisemea. Mtu anayetaka vipimo ni mtu wa heshima. Akarudi nyumbani, akapiga magoti, akapima chumba kona kwa kona. Unene alikwisha ambiwa na muuza saruji: inchi nne zinatosha. Akafungua daftari lake la wateja, akaandika kama alivyoandika miaka ishirini yote, akachana ukurasa, akaupeleka.

Kesho yake, mbele ya duka, watu wamejaa, Fundi Mwiko akamsomea: mifuko kumi na miwili. Kokoto na mchanga navyo vimepanda kwa kiasi hicho hicho.

Bi Futi akaushika utepe wake shingoni. "Kumi na miwili? Chumba kile kile?"

"Chumba kile kile, mama."

"Mwenzako kasema minane, na ana jicho moja!"

"Basi akamwage yeye."

"Mwizi wewe!" Lilimtoka kabla hajalitafuna. "Mwizi mchana kweupe, na mwiko mkononi!"

Wapita njia wakasimama. Fundi Mwiko akashusha mwiko. Alimrudishia karatasi yake taratibu, kama mtu anayerudisha sahani chafu, akasema, "Rudia hesabu mwenyewe. Ukinikuta nimeiba, njoo na polisi. Usiponikuta, utaniomba radhi."

Akarudia. Alirudia kwa kalamu, akarudia kwa vifungo alivyovipanga mezani, vyeupe vikiwa saruji na vyeusi mchanga. Urefu mara upana, mara unene, kama alivyoelekezwa na muuza saruji, tarakimu akizinakili kutoka karatasi ile ile. Kumi na miwili. Akavuruga vifungo, akapanga upya. Kumi na miwili. Laiti angemkamata fundi na kosa, angelala usingizi. Lakini hesabu ilikuwa safi kama pasi ya moto, na huo usafi ndio uliomvuruga.

"Labda chumba kimekua," akasema.

Wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa naye tangu mume aende kazi ya mbali, alicheka hadi akashika ukuta. "Wifi, chumba si boga."

"Sasa wewe nieleze. Sakafu ya jikoni kwetu, ile uliyoisimamia wewe, ina ukubwa gani?"

"Huo huo wa chumba hiki."

"Ilikula mifuko mingapi?"

"Minane."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka tena.

Pesa aliyokuwa nayo ilitosha mifuko minane na ufundi, basi. Fundi wa jicho moja alikwisha pata kazi nyingine, na Jumamosi haikuwa na subira. Kilichobaki cha kuuza kilikuwa cherehani chake cha pili, cha mkono, kile cheusi alichoachiwa na marehemu mama yake, alichojifunzia kushona akiwa hajafikia meza. Mke wa mwokaji mikate alikuwa akikimezea mate siku nyingi. Alikuja na shuka, akakifunga kama mtoto mchanga, akaondoka nacho. Bi Futi alimsindikiza hadi barabarani huku akimweleza namna ya kukitia mafuta, akaeleza tena, akaeleza mara ya tatu, mpaka yule mama akamwambia, "Nimesikia, dada."

Alhamisi Fundi Mwiko akaja na vibarua wawili. Salamu yake ilikuwa fupi kama kucha. Akaichukua tena ile karatasi ya vipimo, akaitia mfukoni. Akaung'oa mlango ili toroli lipite, akavuta kamba ukutani kuonyesha zege litakapofikia, akapima chumba kwa futi yake ya chuma.

"Futi yako imevutika, mama," akasema bila kumtazama. "Umeandika futi kumi na mbili na inchi mbili. Chumba ni futi kumi na mbili kamili. Na upana nao umezidi inchi mbili."

"Utepe wangu hauvutiki."

"Haya." Akaendelea na kazi.

Wakachanganya uani kwa mabeleshi, kokoto zikilia kama meno ya mtu mwenye homa. Toroli baada ya toroli. Bi Futi alisimama nje akihesabu, na kila alipohesabu kitu kilimkwaruza kichwani asikijue. Utepe hauvutiki. Chumba hakikui. Inchi mbili zimetoka wapi?

Kufikia adhuhuri sakafu ilikuwa imelala, laini, inang'aa kama uji. Fundi Mwiko akaunyanyua mlango, akauegemeza kwenye fremu. Haukuingia. Akausukuma. Ukagoma.

"Unakita chini," akasema. "Umezidi."

"Hauwezi kuzidi!" Bi Futi akaja mbio. "Seremala aliacha nafasi ya inchi nne chini yake, akijua sakafu itakuja."

"Inchi nne? Sakafu hii ni inchi sita. Wewe ndiye uliyeandika." Akachomoa karatasi mfukoni. "Soma. Sita."

Bi Futi akaishika karatasi. Ulikuwa mwandiko wake. Na pale, jua likimpiga utosini, kichwa kikafunguka kama mshono mbovu.

"Ni nne," akasema polepole, "na akiba ya mshono."

"Akiba ya nini?"

"Ya mshono. Inchi moja kila upande, sindano ipate pa kupita. Daftari langu haliandiki mwili wa mtu, linaandika kitambaa cha kukata. Inchi moja kushoto, moja kulia." Akaelekeza kidole juu, kisha chini. "Moja juu. Moja chini."

Kibarua mmoja akadondosha beleshi. Wifi akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitetemeka. "Wifi yangu! Umeliachia zege pindo!"

Fundi Mwiko peke yake hakucheka. Akajifuta mikono, akasimama wima. "Mama, uliniita mwizi mbele ya watu. Leo umejua aliyekosea. Niombe radhi hapa hapa, nami mlango nitaukata bure, leo hii, kabla mwalimu wako hajaja."

"Mwombe fundi wa watu," wifi akanong'ona. "Neno moja tu. Jumamosi mlango utakuwa mahali pake."

Bi Futi akautazama mlango ulioegemea ukuta. Akatazama kona palipokuwa na cherehani cha mama yake. Mifuko minne. Kile cheusi kilikuwa kimelala humo chini, ndani ya zege, kwa inchi mbili.

"Ulipima urefu," akasema, "ukakuta inchi mbili zimezidi?"

"Ndiyo."

"Upana?"

"Ndiyo."

"Ukanieleza. Za pembeni ulinieleza, maana haziwezi kuingia chumbani hata ukitaka. Unene je? Umejenga miaka mingapi? Chumba cha vyerehani viwili na kiti, unaletewa inchi sita, na hushuki jukwaani kuuliza kama naegesha lori?"

Fundi Mwiko akainama kuufuta mwiko wake.

"Mimi mteja akinitajia kiuno kisicho chake, naweka mkasi chini namuuliza. Kosa nililiandika mimi, nakubali, hata kesho nitalisema. Lakini uliliona na ukalimwaga."

"Na mlango?"

"Nitashona pazia. Jumamosi mwalimu atapita chini ya pazia jeupe, lisilo na vumbi." Akavua utepe shingoni, akaanza kupima fremu. "Nalo nitaliachia akiba ya mshono, inchi moja kila upande. Pesa yako ya ufundi iko mezani kwa wifi, imetimia. Radhi siombi."