Leseni ya Kunyamaza

Siku ile Ornella Sbardella aliajiriwa kunyamaza. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Roma yote, asitie neno.

Msidhani ni utani. Roma huwezi kuzungusha watu kwenye magofu na kuwaeleza hili na lile bila leseni, na mtihani wa leseni hiyo umewaliza wengi. Sasa kuna vikundi vinakuja na msemaji wao wenyewe, hana leseni wala haya, lakini wanampenda. Wakala afanyeje? Anamkodi mwenye leseni aning'inize beji shingoni, anyanyue mwavuli mwekundu watu wasipotee, na afunge domo huku mwenzake akipiga porojo. Askari akitokea, mwenye beji anasema ni yeye anayeongoza, mambo yamekwisha.

Ornella alikuwa na leseni hiyo kwa mwaka wa thelathini na moja sasa, na ulimi usiojua kulala. Mawakala watatu walikuwa wamemfukuza kwa kosa lile lile la kusahihisha watu mbele za watu. Bwana Passalacqua alikuwa wa nne, na katika mji ule hapakuwa na wa tano aliyekuwa tayari kumgusa.

"Mama Ornella, nakuomba kwa heshima zote," alimwambia kwa simu asubuhi ile. "Jioni watajaza fomu ya maoni. Wakikusifu, msimu wote mpaka Oktoba ni wako. Wakilalamika, mimi na wewe hatujuani."

"Nimekusikia."

"Hata wakisema jua linachomoza magharibi."

"Nimesema nimekusikia, Passalacqua."

Kikundi chenyewe kilikuwa wastaafu ishirini na sita kutoka mji mdogo karibu na Cremona, huko kaskazini kwenye ukungu na nguruwe. Msemaji wao aliitwa Gualtiero Brambati. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na arobaini kati ya hiyo aliitumia nyuma ya gogo la bucha yake. Alijibana maiki kwenye kola, wenzake wakavaa vile visikilizio vya sikioni, naye akaanza kuchapa maneno kabla hawajafika hata kwenye kivuli cha Koloseo.

"Sogeeni, jamani. Pale juu ndipo alipokaa Nero. Simba walikuwa mia tatu, na kila simba alikula kilo kumi na mbili kwa siku, bila mfupa. Nawauliza, nyama ile aliileta nani? Vitabu havisemi. Wanajeshi wamechongewa sanamu, mwenye bucha hata jiwe la kukalia hana."

"Wape, Gualtiero," akasema mzee mmoja mwenye mkongojo.

Nero, ndugu zangu, alikuwa amekwisha kufa miaka kadhaa kabla Koloseo halijawekewa jiwe la kwanza. Ornella alilijua hilo kama anavyoijua njia ya jikoni kwake. Neno likampanda kooni, akalimeza na maji ya chupa. Gualtiero, maana alikuwa mtu wa adabu, akamgeukia. "Bibie hana la kuongeza?"

"Sina," akasema Ornella. Ilimuuma kuliko kung'olewa jino.

Wakashika njia. Mbele ya lile jengo kubwa jeupe katikati ya mji, Gualtiero alitangaza kwamba hiyo ilikuwa nyumba ya Juliasi Kaisari, ghorofa ya chini kwa wageni, ya juu kwa mama mkwe. Ornella akajikaza kisabuni. Mchana walikula tambi, Gualtiero akaingia jikoni bila kukaribishwa kuangalia shavu la nguruwe linalotakiwa kwenye tambi hiyo, akarudi akisema kilichowekwa ni tumbo, tena la dukani. Kwa hilo, Ornella alikiri moyoni, mzee alisema kweli.

Kisha wakaingia Panteoni, lile hekalu la kale. Gualtiero akasimama chini ya lile tundu kubwa la katikati ya paa, akainua kidole.

"Tundu lile halina kioo, lakini mvua haiingii. Miaka elfu mbili halijaingia tone. Joto la watu hupanda likaisukuma mvua nje, kama mvuke wa sufuria."

Mawingu yalikuwa yametanda tangu walipoinuka mezani. Kabla hajamaliza kueleza habari ya sufuria, mvua ikashuka ndani, wima, ikamlowesha kuanzia kofia hadi soksi. Ornella akamtazama kwa raha ambayo hakujaribu hata kuificha. Haya, baba, toka hapo kama unaweza.

Gualtiero akajifuta uso polepole. "Hii," akasema, "hutokea mara moja kwa miaka mia. Ombeni haja zenu haraka."

Na watu wazima wale, na pensheni zao, na magoti yao mabovu, wakajisogeza kwenye mvua wakafumba macho. Walinzi ndio waliowarudisha nyuma. Ornella aliona aibu kwa niaba ya taifa zima.

Walipotoka kwenye baraza la nguzo walimkuta askari wa jiji, msichana mwenye daftari.

"Nani anaongoza hapa?"

Kwa hatua moja Ornella akaichomoa maiki kwenye kola ya Gualtiero, akaibana kwenye yake. "Mimi."

"Nimesikia sauti ya mwanamume."

"Mafua."

Askari akaitazama beji, akamtazama Gualtiero anayechuruzika maji. "Pole kwa mafua, mama. Hebu endelea basi, nakusikiliza."

Basi Ornella akafunguka. Akasema tundu lile lina upana wa mita tisa, na mvua huingia kila inaponyesha, ndiyo maana sakafu imeinuka kidogo katikati na imetobolewa vitundu vya kupitishia maji. Alisema vizuri, kwa ufupi, bila kumtaja mtu. Askari akaitikia kwa kichwa, akafunga daftari, akaenda zake.

Hapo ndipo alipopaswa kukomea. Maiki alipaswa kuirudisha kwa mwenyewe, fomu ijazwe, msimu uwe wake. Lakini ulimi uliofungwa tangu saa tatu asubuhi ulikuwa umeonja hewa. Akaendelea. Akamtoa Nero kwenye Koloseo. Akamtoa Kaisari kwenye lile jengo jeupe, akasema bibi yake mzaa mama alizaliwa kabla halijakamilika. Simba mia tatu akawauliza wamehesabiwa na nani. Aliposhusha pumzi hapakuwa na uongo hata mmoja uliobaki umesimama.

Gualtiero alikuwa amevua kofia. "Kumbe," akasema. "Basi miaka tisa nimewalisha hewa wenzangu." Akatoa mfukoni kile kijiboksi cha betri ya maiki, akamkabidhi. "Shika, bibie. Kazi hii ni ya waliosoma."

Utamu wa ushindi ulimdumu Ornella hatua kumi hivi. Walielekea Uwanja wa Navona kama wanaotoka kuzika, na Gualtiero nyuma kabisa. Ajuza mmoja mwembamba, aliyekuwa akicheka sana Koloseo, akaja kutembea ubavuni mwa Ornella.

"Mimi naitwa Pierina Gorlani. Nilifundisha Kilatini miaka thelathini na minane. Nero alikufa mwaka wa sitini na nane, mwezi wa Juni. Ulidhani sijui?"

Ornella akaushusha mwavuli.

"Yule mwenye mkongojo alikuwa hakimu. Yule mnene ni mhandisi wa majengo, anajua mvua inaingia wapi. Wewe ulituangalia tangu asubuhi ukaona kundi la mbuzi, sivyo?"

"Sikusema hivyo, bibi."

"Uso wako umesema. Huyo Nero tunamjua vizuri. Tulimkuta Venisi, tukamkuta Pisa, mwaka juzi Gualtiero alimpeleka mpaka Paris. Tungetaka ukweli tungebaki nyumbani tuangalie televisheni. Sisi tunasafiri kumsikiliza yeye, miji ni kisingizio. Sasa umemkata ulimi, na tuna siku mbili zaidi hapa." Akapiga mkoba wake kwa kiganja. "Fomu ya maoni ninayo mimi. Mrudishe."

"Nimrudisheje?"

"Wewe ndiye uliyesoma."

Wakafika Navona. Wastaafu wakamzunguka kando ya chemchemi, macho makavu, wakimngojea. Ornella alizijua habari za uwanja ule kwa moyo: mbio za kale, wachongaji, mapapa. Akafungua mdomo.

"Hapa," akaanza, "inasemekana, ingawa vyanzo havikubaliani..."

Pierina akakohoa.

"Hapa Nero alikuwa akinunua soseji," akasema Ornella. "Kilo mbili."

Njiwa wakatua, wakaondoka.

"Hata kudanganya hajui," hakimu akanong'ona.

"Soseji za ng'ombe," akaongeza Ornella kwa kukata tamaa.

"Ng'ombe?" Sauti ilitoka nyuma kabisa. "Soseji ya ng'ombe, Roma hii, kwa mfalme mzima, tena kilo mbili?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," Ornella akashikilia.

"Basi aliyeandika hajapata kushika kisu." Gualtiero akawapenya wenzake, kofia imerudi kichwani. "Bibie, umesoma lakini wamekudanganya. Lete hiyo maiki. Jamani, sogeeni. Nero alikuwa na meno mabovu..."

Ilichukua nusu saa. Palikuwa na nguruwe, palikuwa na shamari ya kukolezea, na Nero amejitanda shuka la mkewe alfajiri ili asijulikane, na mwenye bucha ambaye, ukimchunguza, asili yake ilikuwa Cremona. Mhandisi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Ornella alisimama na mwavuli wake juu, asitie neno.

Saa kumi na mbili wastaafu walipanda basi lao. Ornella alikuwa bado ukingoni mwa barabara Passalacqua alipopiga simu.

"Mama Ornella, umewafanya nini watu hawa? Wamekujazia nyota zote. Msimu ni wako, hata kama utafika Novemba. Kuna bibi ameandika, nakusomea: kiongozi wetu ana elimu kubwa, hasa ile habari ya Nero na soseji. Mimi miaka yote hii sijaisikia. Nataka iingie kwenye matembezi yetu yote. Umeitoa kitabu gani?"

Miaka thelathini na moja Ornella aliwasimulia watu kweli tupu juani na mvuani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza kitabu.

Akamtajia kitabu. Passalacqua akaomba na ukurasa, akampa na ukurasa.