Machela ya Mama Mteremko

Roketi! Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya muuza magazeti, stendi ya Moshi, nimefunua gazeti la katuni, na machela yangu niliyoibuni ilikuwa imegeuzwa roketi yenye mizinga miwili na miali ya moto mkiani. Chini yake, kwa herufi nene: Imetungwa na kuchorwa na Remigius. Nilipiga ukelele wa hasira hadi muuza magazeti akaniuliza kama nimefiwa.

Nilikuwa nimefiwa, ila miaka minane kabla.

Masika ya 1986, dada yangu Magdalena alishikwa na uchungu kwetu Marangu juu, ambako gari halikufika. Wanaume wanne walimlaza kwenye machela ya miti miwili na magunia ya kahawa, wakashuka naye kwenye utelezi. Mimi nilifuata nyuma na khanga za mtoto. Walianguka mara mbili. Tulipofika barabarani, yeye na mtoto walikuwa wameshatuacha.

Ndipo nikamchora Mama Mteremko, shujaa mnene mwenye kilemba, na machela yake inayoruka. Haikuwa na injini. Iliinuka pale tu mgonjwa alipolala juu yake, ikavuka mabonde na mifereji, na kadiri mgonjwa alivyozidi uzito ndivyo yenyewe ilivyozidi wepesi. Mbele yake niliifunga isale, jani lile tunalompelekea mtu tuliyemkosea, ambaye akishalipokea hana budi kusamehe. Hata kifo kikiliona, kilipisha njia.

Miaka mitatu nilichora, kila nikimaliza kukamua ng'ombe. Remigius, niliyesoma naye darasa moja, alikuwa amepata kazi kwenye gazeti mjini. Nikampa daftari amwonyeshe bosi wake.

Kutoka stendi nilimfuata moja kwa moja ofisini.

"Kaka Remi, machela iko wapi?"

"Dada Aikande, hili ni soko huria. Nani atanunua machela? Vijana wanataka mabomu."

"Na jina langu?"

Akacheka. Alicheka, jamani, na daftari langu liko mezani pake limewekewa kikombe cha chai juu! Nikalinyakua, nikaondoka nalo.

Jumapili ya pili yake alikuja nyumbani na mjomba wake, mzee Eliezeri, Remi mwenyewe ameshika kitawi cha isale kwa mikono miwili. Mjanja huyo! Bosi alikuwa anadai toleo la pili, naye bila daftari langu la kunakili hakujua kuchora hata kidole. Mama alinikazia macho, maana kwetu isale haikataliwi.

"Nisamehe, dada."

Nikaipokea. Ningefanyaje? Kisha nikamrudishia mkononi.

"Mimi nimeshasamehe. Sasa mpelekee mwenye machela."

Nikamwonyesha kaburi la Magdalena, pale kati ya migomba na mibuni. Alikwenda peke yake. Mzee Eliezeri alivua kofia akatazama chini. Mwishowe Remigius alipiga magoti, akakichomeka kile kitawi udongoni, akaondoka bila kutamka lolote kuhusu toleo la pili.

Kitawi kilishika. Leo kimenipita urefu, na kila Desemba ninakipogoa mwenyewe. Kumsamehe nilimsamehe. Ile roketi, hapana.